Risasi Tano za Lindo la Marshalltown

Duka tulilolilinda Marshalltown, mtaa wa katikati ya jiji, liliuza simu kwa jumla. Mimi nilikaa mlangoni asubuhi, na mzee mmoja wa Bukavu alinipokea saa saba mchana. Bastola ilikuwa moja, mali ya kampuni, ya kizamani, yenye silinda inayozunguka. Risasi zilikuwa tano. Kila siku nilizitoa moja moja nikazitia kwenye kiganja chake, tukazihesabu kwa sauti, tukatia saini kwenye daftari la lindo.

Kwa kuwa nina tabia ya kuchunguza kila kitu, nilizijua kwa sura. Moja ilikuwa na mkwaruzo ubavuni. Nyingine ilikuwa na kutu ya kijani kitakoni. Nilimuuliza mzee zina umri gani.

“Nilizikuta,” alisema. “Na ule alinitangulia alizikuta. Weye mutu ya Tanzania unauliza sana.”

Mwaka ule risasi za saizi ile ziliadimika. Kampuni ikatutangazia kwamba kila mlinzi atapimwa shabaha, risasi tano, tatu ziguse karatasi, na kwamba risasi zimepanda bei mno, kila mtu ajinunulie zake. Atakayeshindwa atavuliwa silaha, apewe rungu, apelekwe kulinda maegesho ya magari. Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimeacha kazi na miji mpaka nimesahau idadi. Cheti cha kupita kipimo hicho kingekuwa karatasi ya kwanza ya maana yenye jina langu tangu kadi ya kliniki. Nilikitaka hadi usingizi ukaniruka.

Nilizunguka maduka matatu ya silaha. La kwanza na la pili hayakuwa na kitu. La tatu lilikuwa na boksi moja, na bei yake ilikaribia kodi yangu ya mwezi ya chumba cha Bellevue. Nilimwomba muuzaji anifungulie, aniuzie tano tu.

“Eish, kaka, hatuuzi kama sigara,” akacheka. Niliporudi na pesa za kukopa, boksi lilikuwa limeshakwenda.

Nikabaki kufanya mazoezi makavu. Kabla duka halijafunguliwa, nilitoa risasi zote, nikaweka sarafu juu ya mtutu, nikavuta traiga polepole ili sarafu isianguke. Siku za mwanzo ilianguka kila mara. Mwishoni ilitulia, lakini mapigo ya moyo wangu niliyaona yakiitikisa.

Zikiwa zimebaki siku mbili, mzee aliniita pembeni.

“Tumika na hizi za lindo. Maganda utarudisha, tuyatie ndani ya silinda. Kwa nyuma iko sawa na risasi nzima, nani atajua?”

“Na kwa mbele? Matundu ya maganda matupu si yataonekana?”

“Mutu akifika kuangalia kwa mbele, petit, mudogo yangu, maneno imeisha.”

Alicheka. Mimi sikuweza.

Uwanja wa shabaha ulikuwa kusini mwa jiji. Mpimaji, mtu wa kampuni, alisimama nyuma yangu na ubao wake wa karatasi. Risasi ya kwanza ililia, tundu likaonekana. Ya pili pia. Ya tatu ilisema “tik” tu. Mpimaji akaniambia nisisogeze mtutu, nisubiri, huenda ikalia kwa kuchelewa. Haikulia. Ya nne ililia. Ya tano, ile ya kutu, ikasema “tik.”

“Matatu,” mpimaji akasema akiangalia karatasi. “Umepita.”

“Bosi, mbili hazikulia.”

“Nimepima shabaha. Habari ya risasi waambie ofisini.”

Ofisini niliomba risasi mpya za lindo; walisema oda imewekwa, tusubiri, mzigo haujulikani utafika lini.

Kesho yake saa saba nilimpokeza mzee maganda matatu na risasi mbili zilizokufa, nikamweleza kila kitu. Alizipima kiganjani kama mtu anayepima karanga. Kicheko chake hakikuja.

“Wale watu wawili ya mwezi jana,” alisema polepole, “wale waliingia na makoti. Niliweka mukono hapa, wakatoka. Kumbe nilikuwa nashika chuma.”

“Tufanye nini, mzee?”

“Ngapi?” akauliza, daftari mkononi.

“Tano.”

Akavitia vyote vitano kwenye silinda, akatia saini. Akaifunika silinda kwa pindo la jaketi, akasimama mlangoni, mkono kiunoni, kifua mbele.

Mimi kwa kawaida zamu ikiisha sikai. Miguu yangu haijui kukaa. Siku ile nilivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, cheti changu kikiwa kimekunjwa mfukoni, nikasimama ng’ambo karibu na mama aliyechoma mahindi. Kila aliyeingia dukani nilimtazama mikono. Sijui ningefanya nini. Nilikula hindi moja kwa saa nne, na sikuondoka mpaka nilipomwona mzee akivuta geti la chuma, akilifunga, na kunipungia mkono. Kumbe muda wote alikuwa ameniona.