Sindano ya Binti wa Dada Yangu

Dada yangu alifia katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Gisenyi, kwa kansa ya mlango wa kizazi. Alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kuuza karoti Goma, na damu ilipoanza kumtoka alidhani ni uchovu wa mizigo. Alipofika hospitalini, madaktari walikuwa wamebaki na dawa za maumivu tu za kumpa. Mama alikuwa akichoma majani ya mikaratusi kuficha harufu ya ugonjwa. Mimi bado naisikia, ingawa tumepaka rangi upya na binti yake ndiye anayelala humo.

Mwaka huu binti huyo alirudi kutoka shule akasema wasichana wa darasa lao watachanjwa, wakingwe na virusi vinavyoleta kansa ile. Mama akakataa.

“Bataharibu kizazi yake. Mi niko na uyu moja tu.”

Msichana akanigeukia. “Mama yangu alichanjwa?”

“Hapana. Alipokuwa na umri wako, chanjo hii haikuwepo.”

“Donc, basi, mi naitaka.”

Asubuhi ya chanjo, hata hivyo, Mama alimpigia pasi sare mwenyewe, akaminya kola mara mbili mbili kama anayetafuta doa.

Mimi nilikwenda kituo cha afya kupimwa virusi hivyo, kwa sababu wanawake wa umri wangu huchunguzwa. Majibu yalipotoka muuguzi alinikalisha.

“Iko virusi, lakini si kansa. Tutaangalia mulango wa kizazi. Tukiona sehemu imebadilika, tutaichoma na joto, na utarudi kwako leo.”

Waliiona. Nikiwa nimelala pale, magoti juu, wakiichoma, nilisikia mtu akipumua kwa shida pembeni yangu, pumzi ya dada yangu kabisa. Nikageuka. Palikuwa na ukuta tu. Maumivu yenyewe yalikuwa kama ya hedhi, yakapita. Mwaka ujao nitarudi kupimwa tena.

Nilimkuta Mama uani akichambua maharage. Nilimweleza yote. Vidole vyake havikusimama.

“Na dada yako,” alisema baadaye, “kama bangemupima mapema?”

“Pengine wangeiona ikiwa bado ndogo, Mama.”

Aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa kitenge. Nilikaa karibu naye mpaka msichana aliporudi kutoka shule. Maharage yale hayakupikwa siku ile.