Ukuta Aliokuwa Akiukumbatia Baba

Nilimkuta baba yangu mzazi amekumbatia ukuta.

Saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, mzee mzima kaushika ukuta kwa mikono miwili, shavu kalilaza juu yake, macho kafumba. Wenzake wamejipanga pembeni, kila mtu na mgongo wake ukutani.

Dereva aliyenileta akacheka. "Dada, hawa wazee jua limewapiga."

Mimi sikucheka. Ule ukuta niliujua, kwa sababu niliuchora mwenyewe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana hili jambo limenikaa kooni.

Baba anakwangua chumvi. Kazi yake iko kwenye uwanda mweupe usio na mti hata wa dawa, ambako chumvi inakula misumari mpaka bati linabanduka lenyewe. Chumvi hiyo ndiyo iliyonisomesha usanifu wa majengo.

Wafanyakazi wanalala kwenye vibanda vya mabati. Mwaka niliomaliza chuo, baba alianguka. Si kazini, alianguka akitoka kitandani. Daktari akasema ni joto, na kwamba mwili wake hautavumilia mara ya pili.

Nikamwomba aache kazi.

"Mama, nikiacha tutakula michoro yako?" akanijibu.

Basi nikaamua kumchorea nyumba. Kampuni ilikuwa inatafuta mchoro wa makazi mapya ya wafanyakazi, nikajitosa mzima mzima.

Mwalimu wangu wa chuoni, mama mmoja mkali tuliyemwita Bi Rula, akautazama mchoro wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeweka madirisha makubwa kila upande ili upepo upite.

"Umewahi kulala huko?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nenda kalale. Mimi sisahihishi ndoto."

Nikaenda. Msimu mzima wa joto nililala kibandani, jirani na baba, mimi na kipimajoto changu na godoro lililolowa jasho. Kule ndiko nilikosoma kweli kweli.

Madirisha yangu yangewakaanga watu. Upepo wa mchana kule haupoozi, unachoma. Nyumba inatakiwa ifungwe mchana kutwa kama duka lililofilisika, usiku ifunguliwe ivute baridi. Mapaa yawe mawili, hewa ipite katikati. Kuta ziwe nene, za udongo, na upenu mpana ili jua lisiziguse. Na misumari isiwepo kabisa, kila kitu kishikwe kwa mbao na kamba.

Tukajenga chumba kimoja cha majaribio. Nje watu wanaungua, ndani baba anaomba shuka. Aliomba shuka kweli, mchana ule, na mimi nililia kwa furaha.

Meneja akaja kukiona. Aliingia anahema, akakaa, na kutoka hakutaka tena. Akaniuliza kama anatania, "Na mashine je, zingekaa vizuri humu?"

"Bosi, zingenenepa," nikasema, tukacheka wote.

Mchoro ukapita. Jengo likajengwa vile vile nilivyolichora, hata upenu hawakuupunguza. Wakaniita nije nilione, na ndiyo siku hiyo niliyomkuta baba amekumbatia ukuta.

"Shikamoo baba. Mbona hamwingii ndani?"

"Marahaba, mama." Ukuta hakuuachia. "Ndani kuna wenyewe."

Nikazunguka hadi mlangoni. Kufuli. Juu yake kibao: wasiohusika hawaruhusiwi kuingia.

Nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Hakukuwa na kitanda hata kimoja. Kompyuta za kampuni zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, zinawaka vitaa vya kijani, zimetulia kwenye ubaridi niliomtafutia baba yangu. Vitanda vilikuwa kule kule, kwenye mabati.

Nikamfuata Meneja ofisini. Akanipokea kwa tabasamu.

"Umetuokoa, dada. Mashine zilikuwa zinakufa kwa joto."

"Na watu?"

"Watu wamezoea."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha, lakini yote yalinikimbia.

Nikarudi kwa baba, nikakaa chini, nikaegemea ukuta kama wao. Ulikuwa wa baridi kweli. Baba aliona machozi yangu, akaanza utani wake.

"Usilie, mama. Safari nyingine chora nyumba ya mashine. Labda wakikosea watatuweka sisi."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilishindwa.

Wiki iliyofuata Meneja akanipigia simu. Anasema wazee wanachafua ukuta kwa jasho na chumvi, sasa anaomba nimchoree uzio mzuri unaoendana na jengo.

Safari hii matusi yalirudi. Siyaandiki hapa.

Ila uzio hauhitaji msanifu. Walizungushia waya wa miiba, wakamaliza kazi kabla ya jua kuzama.

Nyie mnaosomea ujenzi, nendeni mkalale kwenye joto, mkajue upepo na udongo wa mahali. Vinafundisha, sibishi. Lakini kabla hujamfunulia mtu mchoro wako, muulize kwanza funguo atashika nani.

Baba bado yuko kule, kwenye bati. Simu ikilia saa saba mchana, naogopa kuipokea.