Mlango wa Nyuma wa Mwigizaji

Siku yangu ya kwanza kazini Lackawanna, mji mdogo kando ya Buffalo huku Marekani, niliwasikia wanawake watatu wakigombana chumbani, nami nilikuwa nimeambiwa nyumba ile ina bibi mmoja tu. Nikasukuma mlango. Alikuwa peke yake kitini, ananitazama kwa macho ya mtu aliyekatizwa maneno.

Nilikuwa nimehamia Buffalo mwaka ule, 2015, kutoka Louisville, kufuata kazi ya kutunza wazee. Bibi huyo alikuwa Mslovakia, na kwao alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu. Alianza akiwa msichana katika jumba la maigizo la mji mdogo wa milimani, akapanda hadi kwenye filamu. Majeshi ya kigeni yalipoingia nchini mwao, akakimbia na mumewe, ambaye alipata kazi huku kwenye kiwanda cha chuma. Tangu hapo akawa anaigiza katika ukumbi wa kanisa, mbele ya wafanyakazi waliolia kwa kusikia tu lugha yao. Ukuta wake ulijaa picha za wanawake: malkia, mjane, mlevi, mtawa. Wiki nzima niliwasalimia nikidhani ni ndugu zake. Kumbe wote ni yeye. Nilipolijua hilo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyefanana na mwenzake.

Kila mchana sauti zilirudi. Zikiisha, alijikokota hadi mlango wa nyuma, akaufungua wazi, iwe jua iwe theluji, akasubiri kidogo, akaufunga. Nikawaeleza kina mama wa maombi kanisani kwetu. Hawakusita hata kidogo: nyumba ile ina wageni wasioalikwa. Wakanipa mafuta waliyoyaombea, nami nikayapaka kwenye kitasa cha mlango ule, nikikemea kwa jina la Yesu.

Mchana huo mkono wake uliteleza. Akanusa vidole, akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza, kwa Kiingereza chake na changu cha kuungaunga, kwamba ndivyo alivyofundishwa ujanani: mwanamke unayemwigiza, ukishamwita aje mwilini mwako, mchezo ukiisha lazima umtoe kwa mlango, la sivyo atabaki. Nami nilikuwa nimewazibia njia ya kutokea. Sikujua nicheke au nikimbie. Nilichukua kitambaa nikafuta mafuta.

Tulizoeana, na ndipo nikamsimulia habari za mama yangu. Alibaki milimani Kivu Kusini, kwetu Kongo, vita vilipotutawanya, na jirani aliyevuka mpaka baadaye alituambia kwamba alimzika. Mimi nilitaka tufanye matanga, tulie, yaishe. Dada yangu wa Columbus alikataa katakata: hajaona kaburi, hamlilii mtu aliye hai. Yeye ndiye mkubwa, na bila yeye hakuna matanga. Jambo hilo lilinikaa kifuani kama tonge lisiloshuka.

Bibi hakunipa pole. Nilipotaja kwamba mama alichechemea, aliuliza ni mguu gani, alishikaje vitu, aliingiaje nyumbani akitoka shambani, alianza na neno gani. Nikamwonyesha. Mama hakuwa mtu wa salamu. Aliuliza tu kama tumekula. Siku nyingi bibi alinirudisha kwenye swali hilo, sauti ishuke au ipande, itoke puani au kifuani, nami nikamrekebisha bila kujiuliza anaelekea wapi.

Mchana mmoja dada alinipigia simu wakati wa mapumziko kwenye ghala anakofanya kazi. Nilikuwa namenya viazi, simu nimeiweka mezani kwa sauti ya juu. Nyuma yangu nikasikia mguu ukiburuzwa sakafuni, kisha:

"Mulishakula?"

Kisu kilinitoka. Sikugeuka. Nywele zilinisimama, na bado, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Dada akauliza polepole, "Uko na nani apo?"

Nikamwambia ni bibi ninayemtunza, mzungu, mwigizaji, na kwamba hajui neno lingine lolote la Kiswahili.

"Bon. Mupatie simu."

Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, vile mama alivyoshika kila kitu, akasikiliza. Dada alilia kwa muda mrefu. Kisha ikatoka sauti yake, ndogo, kama ya mtoto:

"Mama, tulishakula. Sasa upumuzike."

Akaniambia nianze kuwaita watu, matanga yatafanyika kwake. Kisha akarudi kazini.

Bibi akaelekea mlango wa nyuma, akichechemea mguu wa kushoto. Akashika kitasa, akakiachia, akanipisha.

"Huyu si wangu," alisema. "Mfungulie wewe."

Nikasogea mlangoni. Kupitia kioo niliona ua mweupe na upepo wa ziwa ukipeperusha theluji. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikimshurutisha dada akubali kumwachia mama aende. Nikashika kitasa, bado kilikuwa na utelezi kidogo wa mafuta yale. Nikamwambia hapana, nje kuna baridi, na mama hana koti.

Bibi hakubishana. Alirudi kitini kwake, akichechemea vilevile.