Nywila Iliyonakiliwa Kila Ukurasa

Kwenye dirisha la kliniki moja hapa kisiwani Amu, mama wa kutoka kisiwa cha Pate alinyimwa dawa ya mwanawe mwenye kifafa, kwa sababu ukurasa wa dawa kwenye tovuti ya kliniki ulikataa kufunguka.

"Nywila ya hifadhidata niliinakili ndani ya kila ukurasa; nilipoibadilisha, huu nikausahau," fundi wa tovuti alisema. "Ningeiweka kwenye faili moja, kurasa zote zisome hapo, ila kunakili kulikuwa rahisi."

"Rahisi kwako, Bwana!" karani akafoka. "Maji yakipwa, mashua ya Pate haipiti!"

Fundi akaurekebisha ukurasa, lakini dawa ilitoka mashua ishaondoka. Bibi mmoja kwenye foleni akampokea yule mama mtoto wake. "Twende kwangu, mwanangu. Mtalala."

Fundi alijua la kufanya, asilifanye. Kosa lilikuwa lake, kitanda kikatandikwa na bibi wa watu.