Jina Nililolitaja Mbugani

Wengine husema ni njaa iliyonifanya nione. Siku hiyo nilikuwa nimekula, na akili zangu zilikuwa timamu. Nasimulia vile ilivyokuwa.

Mimi ni kifungua mimba. Mama alipokufa niliacha shule kidato cha pili, nikawa nafua nguo za watu hapa Kitengela ili mdogo wangu Sein asilelewe na wageni. Alikuwa wa miezi minne, mama hamjui. Raha yetu ilikuwa kutembea. Kila Jumapili baada ya kanisa tulipita ploti zilizozungushiwa seng'enge, tukashika njia ya ng'ombe hadi ukingo wa korongo la mto. Tuliketi mwambani tukitazama pundamilia, na Milima ya Ngong ikigeuka samawati. Nani angetunyima hayo?

Sein akiwa na miaka sita, jioni moja jua likielekea kuzama, aliniuliza, "Dada, mama aliitwa nani?"

"Aliitwa mama yako."

"Aii, dada! Hata mbuzi wa jirani wako na majina."

Nilicheka, na katika kucheka nikalitaja. Sisi Wamaasai jina la marehemu halitajwi. Wazee husema anayeitwa huja, na anayemwitikia huondoka naye. Nilijua. Lakini niliwaza, mtoto akose hata jina la mama yake?

Niamini, upepo ulikatika papo hapo. Mwanamke akapanda kutoka korongoni, shuka nyekundu begani, akichechemea mguu wa kushoto. Mama alichechemea hivyo. Alipita katikati ya pundamilia na hakuna aliyeinua kichwa.

"Takwenya," akatusalimu. Sauti ni ile ile.

Kwetu mtoto akisalimiwa na mkubwa huinamisha kichwa aguswe, kisha huitikia, "Iko." Nilikuwa nimemfunza Sein vizuri mno. Alikimbia, kichwa chini. Nikamdaka kwa shati, nikamvuta nyuma yangu, nikamziba mdomo, nikainamisha kichwa changu mimi.

Wewe ungefanya nini? Mkono ulitua utosini, mwepesi, wa baridi. Miaka sita hakuna aliyekuwa amenigusa hivyo. Nilitamani kuitikia, twende naye sote wawili. Niliuma meno hadi mkono ukaondoka. Nilipoinua macho, walikuwepo pundamilia tu.

Pale aliponigusa nywele hazijaota tena, ndiyo sababu sivui kitambaa. Hilo si kitu. Sein sasa ana miaka tisa, na tukikosana huniambia, "Wewe ulimjua. Hata mkono wake ukauchukua wewe." Jumapili akiomba twende matembezi namkatalia, naye huketi mlangoni akitazama upande wa mbuga.

Wewe unayetembea huko na wadogo zako, ukiulizwa jina la aliyelala, ngoja mfike nyumbani. Na ukimwona anakuja, mshike mtoto kwanza. Kulia utalia baadaye.