Kioko wa Saa Tatu Usiku

Kwetu Tawa, mvulana aliyezaliwa asubuhi huitwa Kioko. Kwa jina hilo nimewaamsha waumini miaka mingi kwa maombi ya alfajiri, nikijisifu kwamba Mungu alinileta pamoja na jua. Majuzi zahanati nilikozaliwa ilinipa nakala ya rekodi yangu. Jumapili, bila hata kuisoma, nikampa pasta awasomee watu.

“Saa tatu usiku,” akasoma.

Kanisa likacheka. “Mzee Kioko, basi sasa tulale?” akauliza mama mmoja wa kwaya.

Kwa aibu nikamgeukia mama yangu, mwenye miaka tisini, kwenye kiti cha mbele.

“Taa iliishiwa mafuta, mwanangu,” akasema. “Nilikupakata gizani mpaka asubuhi, ndipo nikakuona uso.”