Picha ya Kichwa cha Baba

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu Iringa mjini, na katika ukoo wetu hakuna aliyeiamini hospitali kunishinda. Kwa hiyo baba alipoanza kumwita mama mwizi, mimi ndiye niliyempakia kwenye lori kutoka Kilolo, nikamleta apigwe eksirei ya kichwa.

Wizi wenyewe ulikuwa wa ulanzi, pombe ya mianzi. Baba alikuwa mgema. Asubuhi na jioni alikata ncha za mianzi michanga na kuukinga utomvu kwenye mbeta, vyombo vyake vya mwanzi. Msimu ule akawa anazikuta tupu. Alikuwa amezimimina mwenyewe muda mfupi nyuma, akasahau. Mama alimwona kwa macho yake, na alipomwambia, mzee aliwaka. Mama naye si mtu wa kuonewa: aliapa kwamba akiitwa mwizi tena, anarudi kwao Igowole.

Daktari aliiinua picha kwenye mwanga. Akasema fuvu ni zima, ila picha hii huonyesha mfupa, ubongo hauonekani. Siku hizi kuna mashine zinazouona ubongo wenyewe, na kuugundua ugonjwa wa kusahau ukiwa bado mchanga. Nazikubali mno, ningempeleka baba bila kuuliza mtu. Lakini siku ile tulikuwa na mfupa tu, na baba alisikia nusu ya kwanza ya maneno.

Alirudi nyumbani na picha kwapani, akamwonyesha kila tuliyekutana naye njiani.

"Kichwa kizima hiki! Daktari amekiona," alimwambia mama mlangoni. "Sasa mwizi ni nani?"

Nilitaka kuichana ile picha. Mama aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akatoka.

Baba alikuwa ameketi nje. Alipoona mzigo alisimama, akavua kofia.

"Kamwene. Umetoka wapi, mama? Huko hawajambo? Mvua zinanyesha?"

Kwetu salamu haikatizwi, hata kwa hasira. Mama alijibu moja baada ya nyingine: ametoka Igowole, hawajambo, zinanyesha. Kila jibu lilitoka taratibu kuliko lililotangulia.

"Pumzika basi," baba alisema. "Mke wangu yuko shambani. Akija atakupikia."

Mama aliushusha mzigo, akakaa karibu naye.

"Asante," alisema. "Nitamngoja."